Mwanangu ni wa pili darasani, shule inasema hahitaji tena msaada

Anti shikamoo,

Samahani barua itakuwa ndefu, nimeianza mara tatu nikafuta, leo nimeamua naandika tu kama inavyokuja.

Nina kijana wangu ana miaka 11, aligundulika ana usonji akiwa na miaka 5. Anaongea vizuri na anasoma vizuri, yani alianza kusoma mwenyewe akiwa na miaka 3 hakuna aliyemfundisha, tulidhani anaigiza kumbe anasoma kabisa yale maandishi madogo ya kwenye maboksi ya dawa. Muhula huu amekuwa wa pili darasani. Hesabu 96, sayansi 91. Insha 38, ila hiyo insha ntairudia baadae.

Toka akiwa darasa la pili ana mpango wake wa msaada pale shuleni, umeandikwa kabisa na kila mwaka tunakaa kikao kuupitia. Mwalimu wa elimu maalumu anakaa naye dakika 20 kila asubuhi wanapitia ratiba ya siku, nini kitabadilika, nani hayupo. Maelekezo anapewa kwa maandishi sio kwa mdomo peke yake. Ana kadi ndogo ya njano, akiiweka juu ya dawati anaruhusiwa kutoka kwenda chumba cha utulivu bila kuulizwa maswali. Na mitihani anafanyia chumba cha pembeni na muda anaongezewa.

Wiki mbili zilizopita nikaitwa. Mi nikajua kuna ugomvi, kumbe naitwa kupongezwa. Mwalimu mkuu akaniambia mama hongera, huyu ameshavuka, matokeo yanajieleza, na kuna watoto wengine wana hali mbaya zaidi wanahitaji ule muda wa mwalimu. Hapo hapo nikasogezewa fomu na kalamu nisaini kwamba mpango unafungwa. Sikusaini, nikasema ngoja niongee na baba yake. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Sasa Anti, huyo mtoto wanayemuona wao mimi simjui. Wanasema mpole, hana shida, anakaa ametulia. Kwangu akirudi hasalimii mtu, anapita moja kwa moja anaingia chini ya meza ya kulia chakula, begi mgongoni viatu miguuni, anakaa humo. Mdogo wake akimgusa tu ni vita. Kuna siku nilitazama saa zikafika dakika 50. Kola za mashati yake zote ametafuna zimebaki nyuzi. Alafu kuna chupa ya maji. Asubuhi naijaza, jioni inarudi imejaa vile vile. Nilidhani anasahau, nikamgombeza sana, siku moja akanijibu taratibu kwamba ukinywa maji utataka kwenda chooni na chooni milango inabamizwa. Yani mtoto anashinda na kiu kutwa nzima ili asisikie mlango!

Insha sasa. Swali la kwanza lilikuwa "Je, unaweza kueleza jinsi ulivyotumia likizo yako?" Akaandika "Ndiyo." na nukta. Swali la pili waliambiwa waandike kuhusu rafiki yako wa karibu, akaandika mistari miwili tu kwamba kwa sasa sina, nikimpata nitaandika. Mwalimu wa lugha ni mgeni pale, akaandika pembeni kwa wino mwekundu UVIVU. Zile 38 amezipata kwenye sarufi.

Baba yake anasema nisaini tu, mtoto akizidi kubebwa atakuwa mdebwedo, maisha hayana kadi ya njano. Wifi yangu ndo kabisa anasema mimi napenda mwanangu aonekane mgonjwa. Na kitu kinachonichanganya zaidi, mtoto mwenyewe nilipomuuliza kasema ile kadi haitaki kwa sababu wenzake wanamwita Refa. Usiku nalala najiuliza labda wote wako sawa na mimi ndo nimeng'ang'ania, labda kweli nimekalia nafasi ya mtoto wa mwenzangu anayehitaji kuliko wangu.

Nifanyeje Anti? Nisaini?

Mama wa Refa

*

Marahaba mama Refa, na pole.

Usisaini. Naanza na hilo kabla ya mengine kwa sababu mwisho wa mwezi unakuja na watu wakipewa tarehe huwa wanaogopa. Kesho waandikie barua au imeili fupi, ya heshima, bila hasira, waambie umefurahi na matokeo na kabla hujaamua unaomba wakupe kwa maandishi wanaondoa kitu gani hasa katika vile vinne, kwa sababu gani, na ni taarifa zipi wameangalia zaidi ya maksi. Omba na kikao kingine, sio cha kusaini, cha kupitia mpango. Utashangaa, wakati mwingine barua hiyo peke yake inatosha kuwafanya watulie, maana kumwambia mama "ameshavuka" mdomoni ni rahisi, ila kuliandika hilo na kuweka sahihi chini yake mtu anafikiria mara mbili.

Sasa tuje kwenye hoja yao, kwa sababu ukienda na machozi watakufariji na fomu itabaki mezani. Wanasema anafaulu kwa hiyo hahitaji. Mimi nauliza, amefaulu akiwa na nini? Amefaulu akiwa na ratiba ya asubuhi, maelekezo ya maandishi, chumba cha pembeni na muda wa kuongeza. Timu haijafungwa goli msimu mzima alafu viongozi wanakaa wanasema basi golikipa tumuuze, si mnaona mpira hauingii! (Samahani kwa mfano wa mpira, umenijia kwa sababu ya Refa.)

Kuna kingine ambacho mimi nilikijua kwa njia mbaya. Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikuwa mwalimu, na upande ule wa meza nimekaa sana. Tulikuwa na binti mmoja mwenye usonji, wa kwanza darasani, kimya, daftari zake ukizishika unaona raha. Tukakaa kikao tukasema huyu keshasimama, tukamwondolea mwalimu wake. Mama yake akasaini, na mimi sahihi yangu ipo pale chini yake. Muhula wa kwanza hakuna kilichotokea, tukapongezana. Muhula wa pili akaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu, hospitali hawaoni kitu. Muhula wa tatu akaanza kukaa nyumbani siku mbili, siku tatu, mwisho hakuja kabisa. Na wiki ile ya mwisho aliyokuja alifanya jaribio la hesabu akapata zote. Hiyo ndo imenikaa mpaka leo. Maksi zilikuwa kitu cha mwisho kabisa kuanguka, vingine vyote vilishaanguka zamani na sisi tulikuwa tumekaa tunaangalia maksi.

Ukifikiria sio ajabu. Mtoto kama wako maksi ndo sehemu yake ya nguvu, hesabu kwake ni mapumziko. Kinachommaliza ni kelele, ni kubadilishiwa ratiba ghafla, ni kujua saa ngapi ucheke na saa ngapi usicheke, ni swali la "je unaweza kueleza" ambalo kwa lugha iliyonyooka jibu lake ni ndiyo kweli, mimi ningempa hata alama moja ya uaminifu. Anatumia akili yake nyingi kujibana asionekane tofauti, akifika nyumbani pumzi imekwisha, anaingia chini ya meza. Anakuja kupasukia kwako kwa sababu kwako ndo salama. Kwa hiyo walimu hawakudanganyi wakisema ametulia, na wewe hudanganyi ukisema analipuka, mnaongelea mtoto mmoja kwenye saa tofauti. Hata mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013, ambao madaktari wengi duniani wanautumia kutambua usonji, unasema wazi kwamba dalili zinaweza zisionekane zote mpaka mahitaji ya kijamii yazidi uwezo wa mtu, na zinaweza kufunikwa na mbinu alizojifunza. Kufunikwa, sio kuisha. Hilo neno lishike.

Kwa hiyo kazi yako kabla ya kikao ni kuwapelekea hicho wasichokiona, na sio kwa kusema "mwanangu anateseka" (ingawa ni kweli), bali kwa karatasi. Chukua daftari, siku kumi za shule. Kila siku andika amekaa chini ya meza dakika ngapi, homuweki imechukua muda gani na ni nani alikaa pembeni yake mpaka ikaisha, maana homuweki ya nusu saa iliyofanywa kwa saa mbili mama akiwa ameshikilia kiti ile sio homuweki ya nusu saa, amelala saa ngapi, ameamka anasema nini kuhusu shule. Na ile chupa, iwekee mistari kwa kalamu ya wino usiofutika, robo, nusu, robo tatu, alafu kila jioni uandike imerudi na kiasi gani. Mimi nimeona ripoti za kurasa ishirini ambazo hazina nguvu kama picha kumi za chupa iliyojaa.

Alafu tafuta kitu kimoja ambacho wazazi wengi hawakifikirii. Lazima kuna siku yule mwalimu wa asubuhi hakuwepo, aliumwa au alikuwa semina, au darasa lilipewa mwalimu wa muda asiyejua habari za maelekezo ya maandishi. Waombe shule tarehe hizo, na kama una meseji zako za zamani za kulalamika kwa dada yako au kwa shoga yako, rudi uzisome uangalie tarehe. Ukikuta siku ambazo msaada haukuwepo ndo siku alizochana daftari au alizokataa kula, basi lile jaribio la kumwondolea msaada limeshafanyika tayari na majibu yapo, hakuna haja ya kulifanya tena kwa mwaka mzima.

Ile karatasi ya insha itoe kopi, nenda nayo, usiifiche kwa aibu kwamba mtoto ana 38. Hiyo ndo karatasi yako nzuri kuliko zote kwa sababu iko ndani ya masomo, hawawezi kusema hayo ni mambo ya nyumbani. Mtoto mwenye 96 ya hesabu na "Ndiyo" ya insha sio mvivu, mvivu angekuwa mvivu kote. Wastani wake ni mzuri kwa sababu vilima vinafunika mashimo. Na waulize, kwa upole, mpango unasema maelekezo yawe ya maandishi na wazi, je yule mwalimu mgeni aliwahi kuonyeshwa mpango wenyewe? Mimi nahisi jibu ni hapana, na ukimya utakaofuata utakusaidia. Huyo mwalimu usimshambulie lakini, kapewa darasa bila kuambiwa, na wewe unamhitaji.

Kama una mtaalamu anayemjua mtoto, daktari wa watoto, mwanasaikolojia, mtaalamu wa mawasiliano au wa tiba kazi, mwombe barua, ila usimwachie aandike "mtoto huyu ana usonji" akapiga muhuri basi. Hilo shule inalijua toka zamani. Mwombe aandike bila kitu fulani mtoto hufanya hivi, na kikiwepo hufanya vile. Na muulize kama anaweza kumpima ujuzi wa maisha ya kila siku, kuna kipimo kinaitwa Vineland, ni maswali anaulizwa mzazi au mwalimu kuhusu mawasiliano, kujihudumia na kuishi na watu. Watafiti wameliona hili tena na tena, watoto wenye usonji wenye akili kubwa ya darasani ujuzi wao wa kila siku mara nyingi uko nyuma sana ya kile kinachoonyeshwa na kipimo cha akili. Anaweza kukueleza mfumo wa sayari zote na asiweze kumwambia mwalimu nahitaji kwenda chooni. Kwenye ripoti ya shule sayari zina safu yake, choo hakina.

Kuhusu sheria hujaniambia uko nchi gani, kwa hiyo sheria ya huko kwenu iulize kwa ofisi ya elimu au chama cha wazazi wa watoto wenye usonji kama kipo karibu, na uliza hasa kama kuna rufaa na kama msaada unatakiwa kuendelea wakati rufaa inasikilizwa. Ila jua kwamba hoja yako sio ngeni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 24, unataka mtu apewe msaada unaomfaa yeye binafsi katika mazingira yanayokuza maendeleo ya kitaaluma na ya kijamii, ona hapo, kijamii pia, sio maksi peke yake. Marekani kanuni zao za elimu maalumu zimeandika kabisa kwamba mtoto mwenye ulemavu anayehitaji huduma hizo ana haki nazo hata kama hajafeli na anapanda darasa mwaka hadi mwaka. Uingereza mwongozo wao wa mwaka 2015 unazionya shule zisidhani kwamba mtoto akiwa sawa na wa umri wake kimasomo basi hana tatizo la kujifunza wala ulemavu. Maana yake ni kwamba haya maneno "anafaulu kwa hiyo hahitaji" yamesemwa kwingi mpaka watu wakaona bora wayaandikie kanuni. Usiende kuwasomea kanuni za nchi za watu kikaoni, watakuona mjuaji, ila wewe mwenyewe ukae nazo moyoni ili usijione kichaa.

Sasa hili la kukalia nafasi ya mtoto mwingine. Nimeliwaza sana hili kwa sababu shule hawajakudanganya, walimu wa elimu maalumu ni wachache na yule mtoto mwingine yupo kweli na mama yake naye analala anawaza. Lakini angalia vizuri vile vitu vinne. Maelekezo ya maandishi hayamchukulii mtu yeyote kitu, na kusema ukweli nusu ya darasa yangewasaidia. Chumba cha utulivu kipo tayari. Muda wa ziada wa mtihani unahitaji msimamizi mmoja siku chache kwa mwaka. Kinachogombewa ni zile dakika 20 za asubuhi, basi. Na hapo una nafasi ya kuongea kama mtu mzima, unaweza kuwaambia niko tayari tujaribu dakika 10 badala ya 20, au wiki zile za kawaida iwe siku tatu na wiki za mitihani au za mabadiliko irudi siku zote tano, ila iwe jaribio la wiki sita, tubadilishe kitu kimoja tu na vingine viachwe, tuandike tutaangalia nini kujua kama kimeshindikana, na kikishindikana kinarudi wiki hiyo hiyo bila kuanza maombi upya. Kupunguza kwa namna hiyo mimi sipingi, mtoto anakua na msaada unatakiwa ukue naye. Ninachopinga ni kufunga mpango. Mpango ukifungwa, kuufungua tena utaambiwa lete vipimo, subiri foleni, na katika kusubiri ndo watoto wanapotelea. Tena ana miaka 11, muda si mrefu anahamia shule kubwa, walimu wengi, kila somo chumba chake, kengele kila saa. Kumvua kila kitu sasa hivi ni kumvusha mto ukiwa umeshachoma daraja.

Na kwa maoni yangu mpango wenyewe hautoshi, una shimo. Hakuna mahali umegusa choo. Mtoto anashinda na kiu miaka na mpango unaoitwa wa msaada upo kwenye faili! Kwa hiyo usiende kikaoni kujitetea, nenda na ombi. Omba aruhusiwe kwenda chooni dakika tano kabla ya kengele ya mapumziko wakati hakuna mtu, au atumie kile cha walimu. Hiyo haina gharama yoyote. Na inabadilisha hewa ya kikao, mnatoka kwenye kuongelea "tufunge lini" mnaingia kwenye "tumekosa kuona nini kingine".

Kadi ya njano, hapo mimi niko upande wa mtoto kabisa. Kasema haitaki, na sababu yake ni ya maana, miaka 11 kuitwa Refa kila siku sio kitu kidogo. Ila msikilize vizuri, kakataa kadi, hajasema hataki kutoka. Mpeni ishara ambayo hakuna mtu mwingine anaijua, achague mwenyewe, kifutio akikisimamisha kwenye kona ya dawati, kalamu ya bluu akiigeuza, chochote, abaki yeye na mwalimu wanajua. Na kama shule watasema mbona hata hiyo kadi kaitumia mara chache muhula mzima, waambie mlango wa dharura nao unatumika mara chache na hakuna aliyewahi kuuziba kwa tofali. Watu wengine wanaweza kukaa darasani kwa sababu tu wanajua wanaweza kutoka. Kama atakubali, kikaoni aje hata kwa dakika kumi, au aandike. Huyo mtoto akiulizwa swali lililonyooka atajibu kilichonyooka, mwulizeni "ni kitu gani shuleni kinakuchosha zaidi" alafu mnyamaze, msimjazie maneno. Ajue pia toka mapema kwamba mnaongelea kubadilisha nini, asije akakuta asubuhi moja mwalimu wake hayupo.

Baba yake usibishane naye tena, maneno yenu yameshakwisha. Mwombe wiki moja tu awepo nyumbani mtoto anaporudi shule, hata siku mbili kama kazi inambana, akae pale sebuleni asifanye lolote. Aone viatu chini ya meza. Dakika 50 ni ndefu ukizikaa. Akiona, nenda naye kikaoni, maana kuna vikao baba akikohoa tu vinabadilika, sipendi ila ndivyo ilivyo. Akiwa bado hajashawishika nenda na mtu mwingine wa kuandika, usiende peke yako, ukiwa unalia na unaandika kwa wakati mmoja utasahau nusu ya waliyoyasema. Usiku ule ule watumie imeili, tulikubaliana hivi na hivi, kama nimekosea naomba mnisahihishe. Wifi yako muache, hana kikao.

Niandikie baada ya hapo. Sihitaji kujua sana walisemaje, nataka kujua hiyo wiki ya kwanza ya choo cha kabla ya kengele chupa imerudi kwenye mstari gani.

Anti